Uzi wa tarehe: zawadi ya Kibo, nyuki wa Tanga na mengine ya kwetu. Lete tarehe, mwaka na kisa

Mgumu wa Marangu (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Masika ndiyo haya, wageni wamekatika, mlima umejifunika wiki nzima, nami niko Moshi mjini na madaftari yangu. Kazi ya mlima nilianza kama mgumu, nikabeba mizigo mpaka nikapata leseni ya kuongoza wageni. Huko njiani mgeni anauliza kila kitu, na kitu nilichojifunza ni kwamba kisa kisicho na tarehe kila mtu anakivuta anakotaka. Kishike kwa tarehe, weka tarehe nyingine pembeni yake, halafu uone kama kinasimama.

Kwa hiyo sharti la uzi ni moja: tarehe, mwaka na kisa. Cha kwetu kwanza, cha mbali baadaye.

Naanza na kile kinachosimuliwa kila siku pale getini: eti Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Wageni wanakipenda sana. Mimi nimeacha kukisimulia, na sababu ni hizi tarehe:

Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuhusu ule mpaka tarehe 1 Novemba 1886. Mjukuu anayetajwa ni Wilhelm wa Pili, aliyezaliwa 27 Januari 1859. Kwa hiyo siku ya makubaliano alikuwa kijana wa miaka 27, hana ufalme, na hata baba yake alikuwa hajaupata. Kaisari alikuwa babu yake, Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye si mjukuu wa Victoria. Kijana alikuja kutawazwa 15 Juni 1888, baada ya babu kufariki Machi na baba yake kutawala siku 99 tu. Na kama ingekuwa zawadi ya kuzaliwa, Novemba na Januari zinakutana wapi?

Sasa subirini. Kibo, kilele cha mlima huo, kweli ilimwangukia mtu siku yake ya kuzaliwa, ila si Kaisari.

Tarehe 6 Oktoba 1889, saa nne na nusu asubuhi, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama kileleni. Meyer ndiye anayetajwa na kila mtu, maana safari ilikuwa yake na fedha zilikuwa zake. Purtscheller alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, hodari wa barafu. Siku tatu kabla walikuwa wamefika kwenye ukingo wa kreta wakaishiwa nguvu, wakateremka kupumzika. Walipopanda tena na kufika juu kabisa, Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40 siku ileile. Alizaliwa 6 Oktoba 1849.

Hicho ndicho ninachowasimulia wageni sasa, nao wanakifurahia kuliko kile cha Malkia. Ninawaongezea na watu wetu: Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu anayekumbukwa kama mwongozaji wa safari ile, na Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kambi ya juu, zaidi ya mita 4,300, akilinda moto na chakula wakati wao wako kwenye barafu. Mtu wa pwani! Aliyewahi kulala Horombo anajua baridi ya usiku, na kambi yake ilikuwa juu zaidi ya Horombo.

Karibuni.

Shangazi wa Majengo

Mgumu, ubarikiwe. Kile cha Malkia nimekisikia tangu nikiwa darasa la nne. Ila hujamaliza: kama si zawadi, mpaka ulipinda kwa nini? Mimi napeleka vitunguu Taveta kupitia Holili, ule mpaka naujua kwa miguu.

Mgumu wa Marangu

Shikamoo shangazi. Ulipinda kwa sababu ya makaratasi. Mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Jühlke alifika Moshi akapata mkataba kwa Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi, yule anayejulikana pia kama Mandara. Mwaka mmoja kabla, Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepata wake Taveta. Mwaka 1886 walipokaa mezani kila mmoja alishika alichokuwa nacho: Mjerumani mlima, Mwingereza Taveta na Mombasa. Mstari ukatoka pwani ukaja mpaka Ziwa Jipe, ukauzunguka mlima upande wa kaskazini, kisha ukanyooka mpaka Ziwa Victoria. Wewe unapovuka Holili na vitunguu vyako, unapita katikati ya mikataba ile miwili.

Mwalimu wa Kibosho

Uzi mzuri, naweka kambi. Kabla ya Meyer yuko Rebmann, na tarehe yake wanafunzi wangu lazima waijue: 11 Mei 1848.

Johannes Rebmann alikuwa mmisionari aliyekaa Rabai, karibu na Mombasa. Alitoka kule mwisho wa Aprili pamoja na mwongozaji wake, Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Asubuhi ya tarehe 11 akaona kilele cheupe mbele yake. Kwanza akadhani ni wingu. Akamuuliza mwongozaji, akajibiwa kwamba kule juu ni baridi. Yeye alizaliwa Ujerumani, theluji anaijua, akaandika kwamba ni theluji.

Habari ilipochapishwa mwaka uliofuata, wasomi wa London wakaikataa. Aliyeongoza kukataa ni William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye Afrika hakuwahi kuikanyaga. Kwake theluji karibu na ikweta haiwezekani, basi mmisionari ameona vibaya. Mabishano yakaenda miaka. Baron von der Decken alikuja mwaka 1861, akarudi tena 1862 akapanda kufika mita 4,000 na zaidi, theluji ikawaangukia wenyewe. Cooley bado akashikilia lake.

Kinachoniuma kwenye kisa hiki ni Bwana Kheri na watu wa hapa. Mabibi zetu walikuwa wanaamka na kukitazama Kibo kila siku. Ubishi wote ule ungeisha kwa kumuuliza mtoto yeyote wa Machame. Rebmann mwenyewe alirudi Ulaya mwaka 1875, macho yake yakiwa karibu yamekufa kabisa, akafariki mwaka uliofuata.

Kijana wa Ngaramtoni

Shikamoo mwalimu. Arusha nasi tumo. Tarehe ni 3 na 4 Novemba 1914, na hapa pana visa viwili vilivyofungwa pamoja.

Vita vya kwanza vya dunia vimeanza. Waingereza wakapanga kumbana Mjerumani pande mbili kwa mpigo: kikosi kimoja kitoke Kenya kipige Longido, na jeshi kubwa litoke baharini lishuke Tanga. Longido walipiga tarehe 3 Novemba, wakarudishwa siku hiyohiyo. Kila nikipita kwenda Namanga naukumbuka ule mlima.

Tanga ndiko kuna vituko. Tarehe 2 Novemba meli ya kivita HMS Fox ikaingia bandarini. Nahodha wake, Caulfeild, akashuka mwenyewe kwenda kumwambia mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, kwamba yale makubaliano ya mwanzoni ya kutoshambuliana hayapo tena. Akampa saa moja ajisalimishe. Akamuuliza pia: bandari hii mmetega mabomu? Auracher akajibu kwamba ndiyo, yamejaa. Hapakuwa na hata moja. Waingereza wakapoteza muda mrefu kuyatafuta mabomu yasiyokuwepo. Auracher naye alipomwacha mgeni wake akaenda kupiga simu Moshi, akavua nguo za kiraia akavaa za jeshi.

Na Moshi yenu ndiyo iliyoamua vita. Makao ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, yalikuwa hapo, na reli ya Tanga ilishafika. Akawapakia askari kwenye treni, kilomita 350 hivi, wakateremka Tanga wakati Waingereza bado wanashusha mizigo Ras Kasone. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow akachukua baiskeli akazunguka mji kujionea mwenyewe jeshi la adui limelala wapi. Yeye alikuwa na watu wapatao elfu moja. Waliokuja walikuwa elfu nane, wengi wao Wahindi waliotoka safari ndefu ya baharini.

Tarehe 4 mchana, risasi zikiwa zinarindima kwenye mashamba, zikagonga mizinga ya nyuki iliyokuwa juu ya miti. Nyuki wakatoka. Waliwauma wa pande zote, ila kikosi kimoja cha Kihindi kiliandamwa mpaka kikavunjika kabisa, watu wakitimua mbio kurudi pwani. Siku iliyofuata Waingereza wakapanda meli wakaondoka, wakaacha mchangani bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Askari wa Mjerumani walizitumia silaha hizo muda mrefu. Waingereza wengine waliamini kabisa kwamba wale nyuki walitegwa.

Dereva wa Coaster

Mangi, hiyo reli nilipanda nikiwa mdogo na sikujua imebeba mambo hayo. Swali: huyo Lettow aliishia wapi? Alishikwa?

Kijana wa Ngaramtoni

Hakushikwa, na tarehe ya mwisho wake nayo ni ya ajabu. Ulaya vita viliisha 11 Novemba 1918. Lettow alikuwa Zambia ya leo, hajui lolote. Tarehe 13 askari wake wako Kasama, wanaendelea na vita ambavyo kwa wengine vimekwisha. Habari ikamkuta karibu na mto Chambeshi. Silaha aliziweka chini rasmi tarehe 25 Novemba, mji wa Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala. Wiki mbili nzima baada ya amani. Ninaowafikiria ni wapagazi, maelfu kwa maelfu waliobeba vita ile kichwani, wakafa kwa njaa na maradhi.

Katekista wa Kilema

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba niingize cha mbali kidogo, maana kinahusu tarehe zenyewe.

Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki Hispania usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Kesho yake, alipozikwa, ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Hapana siku zilizopotea njiani, ni usiku mmoja tu. Papa Gregori wa 13 alikuwa ameamuru kalenda irekebishwe, kwa sababu ile ya zamani ya Julius Kaisari ilikuwa inachelewa kidogo kidogo, na baada ya karne nyingi ikaachana na jua kwa siku 10. Zikarukwa. Mtu aliyelala tarehe 4 akaamka tarehe 15. Ndiyo maana sikukuu yake tunaiadhimisha 15 Oktoba.

Si nchi zote zilikubali siku hiyo. Uingereza ilingoja mpaka 1752: baada ya 2 Septemba ikaja 14 Septemba. Urusi mpaka 1918, ndiyo maana Mapinduzi yao ya Oktoba yanaangukia 7 Novemba. Na Uswidi, katika kuhangaika na marekebisho hayo, mwaka 1712 ilikuwa na tarehe 30 Februari. Ilikuwepo kweli, watu wakaiishi.

Shangazi wa Majengo

30 Februari! Katekista, siku hiyo wenye nyumba walidai kodi?

Mnazi Mkavu

Mimi ni wa pwani nimeolea Moshi, acha niweke cha Unguja. Vita vifupi kuliko vyote duniani, 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, vikaisha kabla ya saa nne. Hiyo mnaijua, siirudii. Wengi hawaijui safari ya Sayyid Khalid bin Barghash, sultani aliyepigwa na Waingereza siku ile, baada ya hapo.

Jumba linaungua, yeye akakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje: akikanyaga ardhi ya Unguja tu, wanamkamata. Akakaa ndani zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa sana, bamvua kubwa, mashua ya meli ya Kijerumani Seeadler ikasogea mpaka kwenye ngazi ya bustani ya ubalozi. Khalid akatoka mlangoni akaingia moja kwa moja kwenye mashua. Ardhi ya Unguja hakuikanyaga. Wakampeleka Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumpata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, akafia Mombasa mwaka 1927. Mtu wa bara hawezi kuelewa bamvua ilivyomwokoa mtu yule.

Mjukuu wa Old Moshi

Wakuu, nimesoma yote. Mgumu, umemtaja Purtscheller, nami nina tarehe ya kuweka pembeni ya yake.

Mangi Meli, mtoto wa yule Rindi aliyeweka mkataba, alinyongwa na Wajerumani hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga na wa Kimeru. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na imelitafuta fuvu lake huko kwa miaka mingi. Kila tarehe 2 Machi sisi huku tunaikumbuka siku hiyo chini ya ule mti.

Purtscheller alianguka kwenye milima ya Alps mwaka 1899, akaumia vibaya, akalazwa miezi. Alifariki Bern tarehe 3 Machi 1900, siku moja baada ya Meli. Aliyekanyaga Kibo kwa jina la Kaisari na mangi aliyekataa utawala wa Kaisari waliondoka wiki moja. Sisemi moja lilisababisha jingine. Ila nikizisoma tarehe hizo mbili pamoja naona jinsi yote yalivyopita haraka: miaka 15 tu tangu Rindi aweke alama kwenye karatasi la Jühlke, mwanawe yuko kwenye kitanzi.

Mgumu wa Marangu

Mjukuu, asante sana. Nimeiandika daftarini na mgeni wa kwanza msimu ujao ataisikia.

Naongeza moja inayotoka hapohapo. Kilele walikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm, na jina hilo lilidumu hata baada ya Mjerumani kufukuzwa. Tarehe 22 Oktoba 1959 Mwalimu Nyerere alisema kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwamba tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu. Wakati huo uhuru haujapatikana, maneno yangeweza kubaki maneno. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akauwasha kweli kule juu na kusimika bendera. Sisi tunaopanda na wageni tunajua usiku wa Desemba ulivyo kule. Kiberiti chenyewe kinagoma.

Baba Neema, Kaloleni

Arusha mjini hapa, jirani na Makumbusho ya Azimio. Watu wengi wanadhani Azimio la Arusha lilipitishwa tarehe 5 Februari 1967. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa kuanzia 26 hadi 29 Januari. Tarehe 5 Februari ndiyo siku lilipotangazwa. Miaka 10 baadaye, 5 Februari 1977, TANU na ASP zikaungana ikazaliwa CCM, na siku ile haikuchaguliwa kwa bahati.

Na saba saba: TANU ilianzishwa 7 Julai 1954. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa Arusha 30 Novemba 1999, ukaanza kazi 7 Julai 2000. UNESCO nao wakaitenga 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Tarehe moja imebeba mizigo mitatu.

Dereva wa Coaster

Moshi nayo iliwahi kutoa rais. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 Waganda waliokimbia utawala wa Amin walikutana Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule. Kampala ilianguka 11 Aprili, tarehe 13 Lule akaapishwa. Tarehe 20 Juni wakamwondoa. Siku 68.

Dada wa Karatu

Nimesubiri mtu ataje upande wetu, hakuna. Ninazo mbili.

Ya kwanza, 17 Julai 1959, Olduvai. Louis Leakey alianza kuja pale mwaka 1931, akitafuta mifupa ya binadamu wa kale, miaka ikapita anapata hasa zana za mawe na mifupa ya wanyama. Siku hiyo alikuwa amelala kambini na homa. Hata uchimbaji hawakuwa wameuanza, walikuwa wanamsubiri mpiga picha za sinema. Mke wake, Mary, akatoka na mbwa wake kuzunguka tu. Akaona mfupa umechomoza, akafagia udongo kwa mkono, meno mawili makubwa yakamtazama. Akakimbilia gari akarudi kambini akipiga kelele kwamba amempata. Louis akasahau homa. Ni lile fuvu la Zinjanthropus, umri wake miaka milioni 1.75 hivi. Kwenye mazungumzo ya watu anatajwa Leakey, wakimaanisha mume. Aliyeliona ni Mary.

Ya pili ni ya mtoto wa nyumbani: 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wa Karatu. Kwenye mbio zile kila mtu hujificha nyuma ya mwenzake, akisubiri mzunguko wa mwisho. Bayi akatoka mbele tangu bunduki ilipolia, akaachia pengo kubwa, watu uwanjani wakadhani huyu ataishiwa tu. John Walker wa New Zealand akaanza kumfukuzia, nyumbani kwao, uwanja mzima unamshangilia yeye. Wakaja hivyo mpaka mstarini na Bayi hakupitwa. Dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia. Na Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun, akatoka na fedha tu.

Mwalimu wa Kibosho

Dada, na maili usiisahau. Kingston, Jamaika, 17 Mei 1975, Bayi alikimbia maili kwa 3:51.0, akamnyang'anya Ryun rekodi ya pili. Walker akaichukua 12 Agosti mwaka uleule kule Göteborg, akawa wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Ila ile ya mita 1500 ya Bayi hakuna aliyeigusa mpaka Sebastian Coe, Agosti 1979.

Dada wa Karatu

Na Coe aliishusha kwa sekunde 0.13 tu, mwalimu.